Neno kwa Wenye Kipandauso, na kwa Wakaao Nao

Somo la kutafakari: 1 Wafalme 19:1–8



Katika sharika zetu wamo watu wengi wachukuao mzigo usioonekana. Mwenye jeraha hufungwa kitambaa, na kila mtu humwonea huruma. Mwenye homa hutetemeka, na jirani humletea blanketi. Lakini mwenye kipandauso hana jeraha la kuonyesha. Leo yu mzima, aimba katika kwaya. Kesho amelala chumbani, dirisha limefunikwa kwa nguo, hataki mwanga, hataki sauti, hata harufu ya mboga ikaangwayo yamtapisha. Keshokutwa yuko shambani tena. Kwa sababu hiyo watu hunong'ona: huyu ni mvivu, huyu ajifanya, huyu amerogwa, huyu ana dhambi asiyoiungama. Basi nimeona yafaa kuandika neno juu ya jambo hili, kwa ajili ya wagonjwa wenyewe, na kwa ajili ya wainjilisti, walimu na wazee wa kanisa wenye kuwaangalia.

Mwalikumbuka somo letu. Eliya alikuwa ameshinda vita vikubwa juu ya mlima Karmeli. Kisha akatishwa na Yezebeli, akakimbia mpaka Beer-sheba, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Sisemi kwamba Eliya alikuwa na kipandauso. Maandiko hayasemi hivyo. Lakini tazameni jinsi Bwana alivyomtendea mtumishi wake aliyechoka. Hakuanza kwa kumkemea, wala hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na palikuwapo mkate uliookwa juu ya makaa, na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Na mara ya pili akaamshwa, akala. Baada ya hayo ndipo alipokwenda mpaka Horebu, na huko ndiko Mungu aliposema naye. Usingizi, chakula, maji, na mkono wa upole vilitangulia, maneno yalifuata. Jambo hili tulishike, maana tutalirudia.

La kwanza, tujue ugonjwa huu ni nini. Jina lake lenyewe lasema: ni kitu kipandacho uso. Mara nyingi maumivu hushika upande mmoja wa kichwa, karibu na panja au nyuma ya jicho, yakipiga kama ngoma kwa kufuata mapigo ya moyo. Mtu akitembea au akiinama, huzidi. Pamoja nayo huja kichefuchefu au kutapika, na kuchukia mwanga na kelele. Asiyetibiwa huweza kukaa katika hali hiyo tangu saa nne mpaka siku tatu. Wengine, kabla ya maumivu kuanza, huona macho yakimetameta, au mistari ya kombokombo, au sehemu ya wayaonayo hupotea. Wengine huhisi ganzi mkononi na usoni. Dalili hizo kwa kawaida hupita kabla ya saa moja kwisha.

Waganga wa hospitali watufundisha kwamba ni ugonjwa wa ubongo na wa mishipa ya fahamu, hasa ule mshipa uletao hisia za uso na za utando uufunikao ubongo. Mara nyingi hurithiwa: mama anao, na binti anao. Duniani pote karibu mtu mmoja katika kila watu saba anao, Wazungu kwa Waafrika, matajiri kwa maskini. Na wanawake huupata mara mbili hata tatu kuliko wanaume, kwa kuwa mageuzi ya mwili wao ya kila mwezi huuamsha. Basi si ugonjwa wa uvivu, wala si pepo aliyetumwa na jirani. Ni udhaifu wa mwili huu wa udongo, kama pumu ilivyo udhaifu wa kifua.

La pili, tusiwe waamuzi. Wanafunzi walipomwona yule mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Na Bwana akawakatalia pande zote mbili. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi naye chini wakinyamaza. Walikosa walipofumbua vinywa na kuanza kumtafutia hatia. Sisi nasi twaifanya kazi hiyo ya rafiki za Ayubu.

Namfahamu mama mmoja aliyekuwa akifundisha watoto siku ya Jumapili. Kipandauso kilimshika siku nane katika mwezi, na mara tatu alishindwa kuja darasani. Watu wakasema ana pepo. Akaondolewa katika kazi ile. Jamaa zake wakampeleka kwa mganga wa kienyeji, akachanjwa chale kwenye panja, akapigwa chuku, na mbuzi wawili wakatoka zizini kuwa malipo. Maumivu yakarudi, na zaidi yake ikaja aibu. Ndugu zangu, ugonjwa ulimtwalia siku nane za mwezi. Sisi wenzake tulimtwalia zile ishirini na mbili zilizosalia. Neno hili na lituchome moyo. Habari ya mama huyu sijaimaliza, nitairudia mbele.

Wako pia wasemao kwamba amezaye kidonge hana imani. Lakini Hezekia alipoumwa akaomba kwa machozi, na Bwana akamsikia, nabii Isaya hakukataza dawa. Aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Paulo hakumwambia Timotheo aombe tu juu ya tumbo lake. Alimpa shauri la kutumia divai kidogo. Luka, aliyeiandika Injili, aliitwa tabibu, na tabibu mpendwa. Naye Dakta Martin Luther alijua maumivu ya kichwa. Mwaka 1530, alipokaa katika ngome ya Coburg wakati wa mkutano wa Augsburg, kichwa chake kilivuma na kunguruma hata akashindwa kusoma na kuandika. Na katika siku zile zile alimwandikia rafiki yake Melanchthon autunze mwili wake asijivunje kwa kazi. Tena mwaka 1527, alipoandika juu ya tauni, aliwaonya Wakristo wanaodharau dawa, kwamba kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Amri ya tano, kama tunavyoifundisha katika Katekisimo, haikatazi kuua tu. Yatuagiza kumsaidia jirani katika shida zote za mwili. Na mwili wangu mwenyewe nao umo katika amri hiyo.

La tatu, tujue la kufanya siku kipandauso kijapo. Neno kubwa ni kutokukawia. Dawa imezwayo mapema, maumivu yakiwa bado madogo, hufaa. Imezwayo baada ya saa nyingi, tumbo limekwisha kufunga kazi yake, na dawa hukaa humo bila kunyonywa vema. Kwa mtu mzima, parasetamoli miligramu 1000, yaani vidonge viwili vya 500, au ibuprofeni miligramu 400, hutosha wengi. Aspirini pia yafaa kwa watu wazima, lakini asipewe mtoto. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asinywe ibuprofeni wala aspirini. Na mwenye mimba asinywe dawa yo yote kabla ya kuuliza zahanati. Atapikaye aombe dawa ya kuzuia kutapika, maana nayo husaidia ile ya maumivu kuingia mwilini. Ziko dawa nyingine zilizotengenezwa hasa kwa ugonjwa huu, kama sumatriptani, iliyoanza kutumika mwaka 1991. Hizo daktari ndiye mwenye kuziandika, kwa kuwa hazimfai mwenye ugonjwa wa moyo au aliyekwisha kupooza.

Pamoja na dawa, mpeni mgonjwa yale aliyopewa Eliya. Anywe maji. Ale kidogo kama aweza. Alale penye giza na kimya, na kitambaa kilichotiwa maji ya baridi kiwekwe juu ya paji la uso. Watoto watolewe nje wakacheze mbali. Mume achukue ndoo yeye mwenyewe akateke maji siku hiyo, hatapungukiwa heshima. Na mwinjilisti ajapo kumtazama, asiimbe nyimbo sita wala asihubiri kando ya kitanda. Aombe kwa sauti ya chini, kwa maneno machache, aende zake. Malaika naye hakukaa sana.

La nne, dawa isigeuke kuwa bwana. Hapa nasema kwa nguvu, maana wengi hawalijui. Vidonge vya maumivu hupatikana katika kila duka, na bei yake ni ndogo. Basi mtu huvimeza leo, kesho na keshokutwa. Lakini kichwa kikizoea dawa, dawa yenyewe huleta maumivu. Amezaye parasetamoli, ibuprofeni au aspirini siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu, aweza kuingia katika kifungo hicho. Kwa dawa zilizochanganywa, na zenye kodeini, na zile za jamii ya sumatriptani, siku 10 katika mwezi zatosha kumfunga. Basi kanuni nzuri ni hii: usizidi siku mbili katika juma moja. Uonapo kwamba wahitaji zaidi, usiongeze vidonge. Nenda kwa daktari. Aliyekwisha kufungwa hufunguliwa kwa kuiacha dawa ile, na daktari akimwongoza. Siku za kwanza maumivu huzidi kabla ya kupungua, kama wana wa Israeli walivyoona taabu jangwani baada ya kutoka Misri. Asirudi nyuma.

La tano, tuuzuie kabla haujaja. Ubongo wa mtu mwenye kipandauso haupendi mageuzi ya ghafula. Hupenda desturi moja. Alale saa ile ile na kuamka saa ile ile, hata siku ya mapumziko, maana kupunguza usingizi huleta maumivu, na kuuzidisha pia. Asikae na njaa. Akina mama wetu huamka alfajiri, huteka maji, huwasha moto jikoni penye moshi, huwalisha wote, kisha huenda shambani juani pasipo kutia kitu kinywani hata adhuhuri. Tena twashangaa kichwa kikiwauma. Na ale asubuhi, japo uji kikombe kimoja. Anywe maji mengi wakati wa jua, avae kofia au kilemba, akae mbali na moshi kadiri awezavyo. Pombe huwaamshia wengi maumivu; mwenye kuona hivyo na aiache. Na sisi wa nchi zilimazo kahawa, Kilimanjaro na Bukoba, tujue kwamba anywaye vikombe vingi kila siku, kisha akaacha ghafula, huumwa kichwa. Basi anywe kidogo na kwa kipimo kimoja, au aipunguze polepole. Mwendo wa miguu, au kazi ya mwili ya kiasi, ikifanywa kila siku, husaidia. Mashaka na hasira zilizofichwa moyoni nazo hudhuru. Mwenye nazo azitoe mbele za Mungu, na mbele ya ndugu anayemwamini.

Juu ya jambo hili nina neno kwa wachungaji wenzangu na wazee. Mikesha ya usiku kucha na kufunga kula ni mambo mema kwa awezaye. Lakini mwenye kipandauso akikesha na kufunga, mara nyingi siku ya pili huanguka kitandani. Msimlazimishe, wala msimhesabu kuwa mlegevu. Nabii Isaya alifundisha kwamba mfungo umpendezao Bwana ni kufungua vifungo vya walioonewa na kumgawia mwenye njaa chakula. Mtu huyu aweza kufunga maneno mabaya, au kufunga fedha ya kitu akipendacho akawape maskini. Na aweza kuomba mchana akiwa ameshiba, Mungu akamsikia. Tena katika nyumba zetu za ibada vipaza sauti vimekuwa vikali mno. Mungu wetu si kiziwi. Mkivipunguza kidogo, pengine dada yenu ataweza kukaa mpaka baraka itolewe.

Yafaa pia kila mgonjwa awe na daftari dogo. Aandike siku kichwa kilipouma, saa, alichokula au kukosa kula, alivyolala, siku zake za mwezi, na dawa aliyomeza. Baada ya miezi miwili au mitatu ataanza kuona njia ambayo adui huyu hupitia.

Yule mama niliyewasimulia habari zake alishauriwa hivyo na mwuguzi wa zahanati. Daftari likamwonyesha kwamba maumivu yalifuata mikesha, na siku za kwenda shambani na njaa. Akaanza kula asubuhi na kulala mapema. Hakupona kabisa, lakini siku nane zikawa tatu, naye yu darasani tena na watoto wake.

Ikiwa maumivu huja siku nne au zaidi katika mwezi, au yamfanya mtu ashindwe na kazi, ziko dawa za kuzuia, zimezwazo kila siku hata siku njema. Propranololi ni moja, ila haimfai mwenye pumu. Amitriptilini ni nyingine, kwa kipimo kidogo wakati wa kulala. Ziko pia topiramati na valproati, ambazo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni; kwa hiyo mwanamke wa umri wa kuzaa aseme wazi na daktari. Tangu mwaka 2018 ziko na sindano mpya za kuzuia kipandauso, ila bei yake ni kubwa. Dawa hizi za kuzuia hutaka saburi: majuma manane au zaidi kabla ya kuhukumu kama zafaa, na zikipunguza siku za maumivu kwa nusu, ni ushindi. Mwanamke aonaye macho yakimetameta kabla ya maumivu amwambie mwuguzi atakapo vidonge vya kupanga uzazi, maana vingine huongeza hatari ya kupooza kwa mtu wa namna hiyo.

La sita, tusidhani kila maumivu ya kichwa ni kipandauso. Mtoto wa yule mama Mshunami alikwenda kwa baba yake penye mavuno, akalalamika kichwa. Baba akamwagiza mtumishi ampeleke kwa mama, akaendelea na kazi; na adhuhuri mtoto alikuwa amekufa juu ya magoti ya mamaye. Mama yule hakukawia: alitandikisha punda, akaenda mbio kwa mtu wa Mungu. Sisi tuwe na mbio za mama huyu. Peleka mgonjwa hospitali upesi kama maumivu yamekuja ghafula kwa nguvu kuliko yote aliyopata kuyajua. Kama ana homa na shingo imekakamaa. Kama amelegea upande mmoja, au ulimi umekuwa mzito, au amechanganyikiwa, au ana kifafa. Kama amepigwa kichwani. Kama maumivu ya namna mpya yameanza baada ya umri wa miaka 50. Kama ana virusi vya UKIMWI na kichwa chazidi kuuma siku kwa siku. Au kama ni mwenye mimba anayeumwa kichwa sana, ameanza kuvimba na kuona ukungu. Na penye homa, apimwe damu kwa ajili ya malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lashauri kupima kwanza kabla ya kutibu. Basi tusimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha kila kichwa kiumapo.

Mwisho, neno kwa wewe uliyefanya yote haya, na bado kipandauso chaja. Paulo alikuwa na mwiba katika mwili. Ulikuwa nini, hakuandika. Tertullianus wa Kartago, katika zamani za kanisa la Afrika ya Kaskazini, alitaja kwamba watu husema ulikuwa maumivu ya sikio au ya kichwa. Paulo aliomba mara tatu uondolewe. Haukuondolewa, akapewa neema ya kumtosha. Angalieni lakini: aliomba. Hakuupenda mwiba, wala hakuuita mwema. Nawe una ruhusa ya kuomba mara tatu, na mara thelathini, na kutafuta dawa mara thelathini. Saa ile ulalapo gizani, usipoweza kusoma Neno wala kuimba wala hata kusema Baba Yetu mpaka mwisho, usidhani umeanguka kutoka mkononi mwa Mungu. Yeye alimwangalia Eliya akiwa amelala usingizi, hana sala nyingine ila ile ya kutaka kufa. Bwana wetu mwenyewe alivikwa taji ya miiba juu ya kichwa chake. Aijua njia ya maumivu yako.

Nanyi mlio wazima, mwezi huu ulizeni katika mtaa wenu: ni nani afungiwaye gizani, nasi tulimwita mvivu? Nendeni kwake na mkate na maji. Mtakapokwisha kumsaidia, semeni naye maneno ya Mungu, polepole.

Mungu wa amani, aliyetuumba mwili na roho, awape wagonjwa wetu usingizi mwema, awape waganga na wauguzi hekima, na atupe sisi sote ulimi wa upole. Amina.